Nitajuaje kwa uhakika faili iliyopakiwa ni ya aina gani?

*"Nimetengeneza mfumo wa kupokea maombi ya kazi. Mwombaji anapakia picha yake, pamoja na wasifu ulio kwenye PDF au Word. Mwanzoni nilikuwa naangalia kiendelezi cha jina la faili na Content-Type, yaani lebo ya aina ya faili, inayokuja na ombi la kivinjari. Mwenzangu kazini akachukua faili ya PHP, yaani msimbo unaoendeshwa na seva, akaiita picha.jpg, ikapita. Nikahamia kusoma baiti za mwanzo za faili. Sasa baadhi ya hati za Word zinatambuliwa kuwa ZIP, picha za simu za watu wengine zinakataliwa, na yule mwenzangu ameniletea faili nyingine inayofunguka vizuri kabisa kama picha ya GIF, lakini ndani ina msimbo wa PHP. Je, ipo njia ya kujua kwa asilimia mia faili ni ya aina gani? Kama haipo, nifanyeje?"*

Ndugu yangu, kwanza mshukuru huyo mwenzako, maana kazi anayokufanyia wengine hufanyiwa na wadukuzi. Nikikuelewa vizuri, una hofu mbili zinazovutana: unaogopa kumfungulia mlango mtu mbaya, na unaogopa kumfungia nje mwombaji ambaye kosa lake pekee ni aina ya simu aliyonayo. Kila ukikaza upande mmoja, upande wa pili unalegea.

Njia ya asilimia mia haipo, na haitakuja hata maktaba za msimbo ziboreshwe vipi. Faili ni mfululizo wa baiti tu. Aina yake huonekana pale programu fulani inapozisoma baiti hizo kwa kanuni zake. GIF ya mwenzako ni picha halali mbele ya kisoma picha, na ni programu halali mbele ya PHP. Hakuna anayedanganywa kati ya hao wawili. Kila mmoja amesoma alichokikuta. Kwa hiyo ukiuliza "hii ni aina gani?" utazunguka bila kufika. Jiulize hivi: je, programu niliyoichagua mimi inaweza kuisoma faili hii yote kama JPEG? Na nikishaihifadhi, kuna programu nyingine yoyote itakayopata nafasi ya kuisoma kama kitu kingine? Swali la kwanza linajibiwa kwa kukagua, la pili kwa namna unavyoihifadhi faili na kuitoa kwa wanaoiomba. Wengi humaliza nguvu zao zote kwenye la kwanza.

Tuanze na Content-Type, kwa sababu inawapotosha watu wengi. Thamani ile haitoki kwenye seva yako. Imeandikwa na upande wa mtumaji, na kivinjari kwa kawaida hakifungui faili kuangalia kilichomo, kinatazama kiendelezi, yaani zile herufi baada ya nukta ya mwisho, kisha kinauliza kompyuta yake "hiki kwako ni aina gani?" Ndiyo maana faili ya CSV ikitoka kwenye Windows iliyowekwa Excel mara nyingi hujitambulisha kama `application/vnd.ms-excel`, wakati faili ileile ikitoka kwenye mashine nyingine huitwa `text/csv`. Mtu mwaminifu anakataliwa bila kosa, na mdukuzi anayetuma ombi kwa curl, zana isiyohitaji kivinjari, anaandika neno lolote alitakalo. Kwenye PHP, ule uga wa `type` ndani ya `$_FILES` ni neno hilohilo la mtumaji, ingawa ukiutazama unaonekana kama kitu kilichokwisha kuhakikiwa. Vilevile sifa ya `accept` kwenye fomu na ukaguzi wa JavaScript: viweke, vinamwokolea mwombaji muda, lakini usivihesabu kama ulinzi.

Kiendelezi nacho watu hukidharau kupita kiasi. Ni kweli hakisemi chochote kuhusu kilichomo ndani, lakini seva yako mwenyewe inakitii. Apache, programu ya seva ya wavuti, haichunguzi baiti ili kuamua kama faili ni ya PHP, inaangalia jina. Ina maana ile picha.jpg ya kwanza ya mwenzako, pamoja na kujaa msimbo, isingeendeshwa kwenye seva iliyopangwa kawaida. Ingetolewa kama picha iliyoharibika, basi. Hatari ingekuja kama angeweza kuipa jina la `.php`, `.phtml` au `.phar`, au kama Apache yako imepangwa kwa AddHandler (agizo la namna ya kushughulikia faili) inayotazama viendelezi vyote vilivyomo kwenye jina, kiasi kwamba `wasifu.php.jpg` inaendeshwa kama PHP. Au kama mahali fulani kwenye msimbo wako kuna `include` (amri ya kuvuta na kuendesha faili nyingine) inayopokea jina la faili kutoka kwa mtumiaji. Hapo kiendelezi hakisaidii kitu. Kwa hiyo kiangalie, kwa orodha fupi ya vinavyoruhusiwa na kamwe si kwa orodha ya vinavyokatazwa, kisha kitupe pamoja na jina zima alilolileta mtumaji.

Sasa baiti za mwanzo, wanazoziita saini ya faili. Hapa nataka tusogee karibu. PNG huanza na baiti nane, ukiziandika kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16: `89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A`. Ya pili hadi ya nne, 50 4E 47, ni herufi P, N, G. Nyingine zimewekwa kama mitego. Ile 89 iko nje ya herufi za kawaida za biti saba, ili faili ikipitishwa kwenye njia inayokata biti ya nane igundulike. Jozi ya 0D 0A na ile 0A ya mwisho zinafichua programu iliyogeuza alama za mwisho wa mstari. Hiyo 1A ilikuwa ya kuisimamisha DOS isimwage takataka kwenye skrini mtu akijaribu kuichapa faili kama maandishi. Utaona kwamba waliounda saini hii walikuwa wanapambana na uharibifu wa njiani, faili kuvunjika ikisafirishwa. Mtu mwenye nia mbaya hakuwa kwenye hesabu zao.

Saini pia hazikai mahali pamoja. JPEG huanza na `FF D8 FF`, PDF na `%PDF-`, GIF na `GIF87a` au `GIF89a`. Lakini WebP na WAV zote huanza na herufi RIFF, na tofauti yao iko kwenye baiti ya tisa hadi ya kumi na mbili. Tar, muundo wa kufungasha faili nyingi pamoja, ina neno `ustar` baada ya kuruka baiti 257. MP4 huanza na urefu wa kipande cha kwanza, halafu ndipo linakuja neno `ftyp`. HEIC, muundo mwingine wa picha, ni ya ukoo huohuo wa `ftyp`, na nahisi hapo ndipo penye kisa cha picha zako za simu: iPhone nyingi, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hupiga picha za HEIC, na watu huzibadilisha jina tu kuwa .jpg wakidhani wamezigeuza. Kikagua chako kimekataa kwa haki, ila mwombaji hajui hilo. Una njia mbili: kubali HEIC na uigeuze wewe kuwa JPEG kwenye seva, au mwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba picha yake ni ya HEIC na anatakiwa kuituma kama JPEG. Mimi ningeigeuza mwenyewe. Mtu anayetafuta kazi asipewe mtihani wa miundo ya picha.

Turudi kwa ile GIF. Toleo rahisi kabisa la hila hiyo ni faili inayoanza hivi: `GIF89a<?php`. Baiti sita za mwanzo ni saini. Kwa kanuni za GIF, baiti mbili zinazofuata ni upana wa picha na mbili nyingine ni urefu wake. Alama `<?` zikisomwa kama namba ni 16188, na `ph` ni 26736. Basi `getimagesize`, kazi ya PHP ya kupima picha, ikiulizwa itakujibu kwa utulivu kwamba hii ni picha ya GIF yenye upana wa pikseli 16188 na urefu wa 26736. Hakuna pikseli hata moja ndani yake. Imesoma kichwa cha faili ikaridhika.

Ya mwenzako imekwenda mbali zaidi kwa kuwa inafunguka kweli. Pengine ameuficha msimbo kwenye sehemu ya maoni, ambayo muundo wa GIF unairuhusu, au ameuweka baada ya baiti ya `3B` inayofunga picha. Visoma picha hufika kwenye `3B` vikasimama. PHP haijui kitu kinachoitwa `3B`. Yenyewe hutafuta `<?php` popote ilipo, na yaliyotangulia huyatoa kama maandishi tu.

Faili za namna hii naziita ndumilakuwili, na jina linazifaa kuliko unavyoweza kudhani. GIF husomwa kuanzia kichwani. ZIP orodha yake ya yaliyomo iko mkiani, na visomaji huanza kuitafuta kutoka mwisho. Ukiunganisha GIF mbele na ZIP nyuma, umepata nyoka mwenye vichwa viwili. Mwaka 2008 watafiti wa usalama walionyesha hasa hilo, wakaliita GIFAR: picha ya GIF iliyobeba JAR, yaani kifurushi cha programu ya Java, mkiani, kwani JAR nayo ni ZIP. Tovuti iliipokea kama picha, halafu Java kwenye kivinjari cha mtu ikaiendesha kama programu iliyotoka kwenye tovuti hiyo. PDF nayo ina ulegevu wake: visomaji vingi huvumilia `%PDF-` ikianzia popote ndani ya baiti 1024 za kwanza, kwa hiyo mbele yake panaweza kutangulia kitu kingine.

Sasa kuhusu hati zako za Word kuitwa ZIP: kikagua chako hakikukosea. DOCX ni ZIP. Ukiifungua utakuta faili inayoitwa `[Content_Types].xml` na folda ya `word` yenye `document.xml`. (Herufi PK zilizo mwanzoni mwa kila ZIP ni za Phil Katz, aliyeuanzisha muundo huo.) Libmagic, ile maktaba iliyo nyuma ya amri ya `file` na `finfo` ya PHP, hujaribu kuitambua DOCX kwa kuchungulia vipande vya kwanza, na programu mbalimbali huvipanga vipande hivyo kwa namna tofauti. Matoleo ya zamani ya libmagic hushindwa zaidi. Dawa yake si kuiruhusu ZIP yote. Ukiona ZIP yenye kiendelezi cha .docx, ifungue kwa maktaba ya ZIP, soma orodha ya yaliyomo bila kutoa chochote nje, hakikisha `[Content_Types].xml` na `word/document.xml` zipo, na uikatae ukikuta `vbaProject.bin`, maana hiyo ni makro, programu ndogo ndani ya hati, na wasifu wa mtu hauhitaji makro. Jumlisha ukubwa unaodaiwa wa vipande vyote kabla ya kugusa chochote, na hata hapo weka kikomo unaposoma, kwa kuwa dai lenyewe linaweza kuwa la uongo. Ipo ZIP mashuhuri inayoitwa `42.zip`, yenye kilobaiti 42 tu, ambayo ikifunguliwa ngazi zake zote hufikia petabaiti 4.5. DOC ya zamani, ile inayoanza na `D0 CF 11 E0`, ningeiacha nje kabisa: saini hiyohiyo hutumiwa na Excel za zamani na hata faili za kusakinisha programu za Windows, na kuzitenganisha ni kazi isiyolingana na faida yake.

Zana za kutambua zipo nyingi na ni nzuri kwa kipimo chake. Libmagic nimeitaja. Kwenye Java kuna Apache Tika. Google ilitoa Magika mwaka 2024, inayotumia mtandao wa neva uliofunzwa, na hufanya vizuri hasa kwa faili za maandishi zisizo na saini, kama vile misimbo ya lugha za programu. Zote zinakisia, kwa ustadi mkubwa. Nazitumia kupanga faili na kutoa ujumbe mzuri wa kosa. Siwezi kuzikabidhi ufunguo wa mlango, kwa sababu anayeshambulia anaweza kuzisakinisha kwake na kujaribu mpaka zimpitishe.

Kwa picha, kinga yenye nguvu kuliko zote ni kutoihifadhi faili uliyopewa. Isome mpaka upate pikseli, kisha andika JPEG mpya kutokana na pikseli hizo. Maoni yanapotea, mkia unapotea, na taarifa za EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaambatanisha na picha, zinapotea, ambazo mara nyingi hubeba mahali picha ilipopigwa. Mwombaji hakukusudia kukupa anwani ya nyumbani kwake. Angalia mambo mawili hapo. Soma kwanza alama ya mwelekeo iliyo ndani ya EXIF na uigeuze picha ipasavyo, la sivyo utapata watu waliolala ubavu. Na pima vipimo kabla ya kuisoma: picha ya pikseli 30,000 kwa 30,000 inaweza kuwa faili ndogo sana, lakini kwa baiti nne kwa kila pikseli itadai gigabaiti 3.6 za kumbukumbu.

Kama unatumia ImageMagick, programu ya kugeuza picha, nakuomba usipite haraka hapa. Mei 2016 lilitangazwa tundu lililopewa jina ImageTragick, namba CVE-2016-3714. ImageMagick ilikuwa inatambua aina kwa kutazama yaliyomo, jambo ambalo tunalisifia siku zote. Ukiipa faili iitwayo .jpg ambayo ndani yake ni maelekezo ya MVG (lugha yake ya kuchora), iliyatambua kwa usahihi kabisa na kuyafuata, na kupitia hapo mshambuliaji aliweza kuendesha amri kwenye seva. Kutambua vizuri ndiko kulikoleta madhara. Kwa hiyo usiiache ichague. Kagua saini mwenyewe kwanza, iambie waziwazi kwa kuandika `jpeg:` mbele ya jina la faili, na kwenye faili yake ya mipangilio, `policy.xml`, funga miundo yote usiyoihitaji.

Hata kuandika picha upya si kinga kamili. Watu wameonyesha kwamba baiti zinaweza kupangwa ndani ya PNG kiasi kwamba msimbo hutokea tena baada ya picha kuandikwa upya na GD, maktaba ya picha ya PHP. Na PDF huwezi kuiandika upya kirahisi hivyo bila kuharibu kitu. Ifungue kwa maktaba ya PDF, hakikisha kurasa zinasomeka, kataa yenye nenosiri, na ukubali kwamba inaweza kuwa na JavaScript au faili zilizoambatanishwa ndani. Ndiyo maana swali la pili, lile la kuhifadhi na kutoa faili, lina uzito zaidi kwangu.

Hifadhi faili nje ya folda inayofikiwa na seva ya wavuti, au kwenye hifadhi tofauti kabisa isiyojua PHP ni nini. Jina litengeneze wewe kwa herufi za kubahatisha, kiendelezi kichague wewe kutokana na ukaguzi wako, na jina la asili liweke kwenye hifadhidata kwa ajili ya kulionyesha tu. Hapo GIF ya mwenzako, hata ikipita ukaguzi wote, inalala kama baiti zisizo na msomaji. Wakati wa kuitoa, Content-Type iandike mwenyewe, ongeza `X-Content-Type-Options: nosniff`, na kwa nyaraka ongeza `Content-Disposition: attachment` ili zipakuliwe badala ya kufunguka ndani ya tovuti yako. Ile nosniff ililetwa na Internet Explorer 8 mwaka 2008, kwa sababu vivinjari navyo vilikuwa na tabia ya kubahatisha aina kwa kunusa yaliyomo, na kitu ulichokitoa kama maandishi kingeweza kugeuka HTML yenye msimbo unaoendeshwa kwa jina la tovuti yako. Ukiweza, toa faili za watumiaji kutoka kwenye kikoa kingine. GitHub hufanya hivyo kwa githubusercontent.com. SVG usiiruhusu kama picha ya mwombaji: ni XML, yaani maandishi yenye lebo, na inaruhusu JavaScript ndani yake bila hila yoyote.

Kichanganuzi cha virusi kama ClamAV kiongeze kwa ajili ya maofisa watakaofungua hizo Word kwenye kompyuta zao. Hakitakuambia aina ya faili.

Yote haya unaweza kuyafanya peke yako. Utahitaji mtu wa usalama wa mifumo aketi nawe kama faili hizo zinapitia programu unazoziendesha kwenye seva, kwa mfano LibreOffice ya kugeuza Word kuwa PDF, kwani hiyo inatakiwa itengwe kwenye mazingira yake yasiyo na mtandao. Na mwite siku hiyohiyo kama ukipekua folda ya zamani ya picha, ile ya wakati ulipokuwa unaamini Content-Type, ukakuta faili ya .php, au `.htaccess`, faili ya mipangilio ya Apache, ambayo hukuiweka. Usiifute. Iondoe seva kwenye mtandao, hifadhi nakala ya diski na kumbukumbu za maombi yaliyofika kwenye seva kama zilivyo, kwa sababu tarehe ya faili ile na mistari inayoitaja kwenye kumbukumbu ndivyo vitakavyoonyesha nani alifika wapi. Folda hiyo ipekue leo, kabla hujagusa mstari wowote wa msimbo.